Gramu ya Geita, dola ya dunia na shilingi ya mfukoni

Mchimbaji mdogo anayetoka Nyarugusu au Rwamgasa na kufika katika soko la madini la Geita hukutana na hesabu ya namba tatu. Ya kwanza ni bei ya dhahabu katika soko la dunia, ambayo hutajwa kwa dola za Marekani kwa wakia moja, yaani gramu 31.1. Ya pili ni kiwango cha kubadilisha dola kwa shilingi siku hiyo. Ya tatu ni usafi wa dhahabu yenyewe baada ya kupimwa. Namba hizo zikizidishwa, kisha mrabaha na ada zikaondolewa, zinabaki shilingi anazoondoka nazo.

Ipo namba ya nne ambayo haiandikwi ubaoni. Hiyo ni kasi ya kupanda kwa bei za vitu vingine vyote: unga na mafuta ya kupikia dukani Katoro, dizeli ya karasha, bati na saruji mjini Kahama. Namba hiyo ndiyo huamua kama mwenye gramu amepata fedha au amepata karatasi. Somo la wiki hii linahusu namba hiyo ya nne, jinsi inavyozaliwa, na kwa nini ununuzi wa dhahabu unaofanywa na Benki Kuu unaweza kuikuza au kuiacha ilipo.

Kwanza zitazamwe namba zilizo ubaoni. Mwezi Oktoba 2024 wakia moja ya dhahabu ilikuwa takriban dola 2,700, na dola moja ilikuwa ikinunuliwa kwa takriban Sh. 2,700. Gramu moja safi, kabla ya makato, ilikuwa sawa na dola 86.8, au kama Sh. 234,000. Kufikia mwisho wa Desemba mwaka huo, wakia ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 2,600, na shilingi ilikuwa imepanda thamani hadi takriban 2,400 kwa dola. Gramu ileile ikawa sawa na kama Sh. 200,000.

Aliyeshika dhahabu yake kwa miezi miwili akisubiri bei nzuri alipoteza karibu Sh. 34,000 kwa kila gramu. Katika hasara hiyo, Sh. 26,000 zilitokana na shilingi kupanda, na zilizobaki ndizo zilizotokana na bei ya dunia kushuka. Mchimbaji anayesikiliza redio kila asubuhi kujua bei ya dhahabu duniani, asiulize habari za dola, anakuwa amesikiliza nusu ya taarifa.

Mkulima wa pamba wa Kishapu yumo katika mizani hiyohiyo. Pamba iliyochambuliwa huuzwa duniani kwa senti za dola kwa ratili, na jineri haiwezi kumlipa mkulima zaidi ya kile ambacho dola hizo zitazaa zikigeuzwa shilingi. Kwa hiyo anayeuza nje hupenda dola ipande, na anayeagiza kutoka nje hupenda ishuke. Mambo hayo yanaeleweka kwa kila mfanyabiashara.

Lisiloeleweka kwa wengi ni hili: kupanda kwa dola peke yake hakumtajirishi anayeuza nje. Chukua mfano wa mkulima ambaye dola imempandia kwa asilimia 30 katika mwaka mmoja. Shilingi zake zimeongezeka kwa asilimia 30. Ikiwa katika mwaka huohuo dawa ya kunyunyizia, vibarua wa palizi, sukari na nauli navyo vimepanda kwa asilimia 30, amerudi palepale alipoanza. Wachumi hutofautisha kiwango cha ubadilishaji kinachotangazwa na kiwango halisi, yaani kile kilichopimwa pamoja na bei za ndani na za nje. Msweden Gustav Cassel alilieleza jambo hilo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nchi za Ulaya zilipokuwa zikichapa noti kugharamia vita na fedha zao zikapotezana thamani kwa kasi tofauti. Hoja yake ilikuwa kwamba, kwa muda mrefu, fedha ya nchi hushuka mbele ya fedha ya nchi nyingine kwa kadiri bei zake za ndani zinavyozidi kupanda.

Geita yenyewe ni mahali pazuri pa kujifunzia. Mgodi wa zamani wa Geita, uliozalisha dhahabu tangu miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966. Mwaka huohuo, mwezi Juni, Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa na shilingi ya Tanzania ikaanza kutumika, dola moja ikiwa sawa na Sh. 7.14. Wakati huo bei ya dhahabu haikuwa ya soko. Serikali ya Marekani ilikuwa imeifunga katika dola 35 kwa wakia tangu mwaka 1934, na makubaliano ya Bretton Woods ya mwaka 1944 yakaifanya kuwa nguzo ya fedha za dunia. Mishahara, vyuma, baruti na umeme vilipanda bei kwa zaidi ya miaka 30; dhahabu ilikaa palepale. Migodi ya dhahabu ilibanwa duniani kote, na hata serikali ya Afrika Kusini ililazimika kuisaidia ile yenye mawe ya dhahabu haba. Mfumuko wa bei, hata ule wa polepole, humuumiza yeyote ambaye bei ya bidhaa yake imefungwa.

Agosti 1971 Rais Richard Nixon alikata kamba hiyo. Dola haikubadilishwa tena kwa dhahabu, na kufikia Januari 1980 wakia ilifika dola 850. Mchimbaji wa Ziwa Victoria alikuwa na haki ya kufurahi. Lakini wakati bei ya dhahabu imefunguliwa duniani, bei ya dola ilikuwa imefungwa Dar es Salaam.

Miaka hiyo inakumbukwa na wengi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 hadi 1979, na mafuta yakapanda. Serikali ilitumia kuliko ilivyokusanya, na pengo likazibwa kwa mikopo ya benki. Mashirika ya umma nayo yaliendeshwa kwa mikopo ambayo haikurejeshwa. Shilingi zikaongezeka huku bidhaa zikipungua, na bei zikapanda kwa takriban asilimia 30 kwa mwaka. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ipunguzwe thamani. Mwalimu Nyerere alikataa, na Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, ambaye ndiye aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alijiuzulu mwishoni mwa mwaka 1979.

Kiwango rasmi kikabaki chini huku bei zikikimbia. Mwanzoni mwa mwaka 1986 dola ilikuwa kama Sh. 17 benki. Kwa walanguzi ilikuwa Sh. 150 au zaidi. Gramu ya dhahabu ilikuwa kama dola 11 duniani. Aliyefuata sheria alistahili Sh. 187 kwa gramu. Aliyeuza kwa mlango wa nyuma alifikia Sh. 1,650. Kwa hesabu hiyo hakuna haja ya kuuliza kwa nini dhahabu ya Geita na Kahama ilivuka mipaka ya nchi bila kuonekana katika vitabu vya forodha. Kukosa uzalendo kulitajwa sana majukwaani, lakini kodi iliyofichwa ya asilimia 89 ingemfukuza hata mzalendo.

Mpango wa Kufufua Uchumi ulianza mwaka 1986, na shilingi ikaanza kushushwa hatua kwa hatua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Benki Kuu, ikitumia benki za biashara kama mawakala, ilianza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei iliyozingatia kiwango cha dola cha soko la mitaani. Dhahabu iliyokuwa ikipita vichochoroni ikajitokeza, na mauzo rasmi yakapanda haraka hadi mwaka 1992. Mwaka huo sheria mpya ya fedha za kigeni iliruhusu maduka ya kubadilishia fedha, na Agosti 1993 kiwango cha benki na cha maduka vikaunganishwa. Baada ya hapo mpango ulififia na mauzo rasmi yakaporomoka.

Hapa ndipo penye kiini cha somo, na inafaa kwenda taratibu.

Benki ya kawaida ikinunua dhahabu, hulipa kwa fedha iliyokwisha kuwa nayo. Benki Kuu haifanyi hivyo. Ni yenyewe inayotoa shilingi, kwa hiyo kila inaponunua kitu, iwe dhahabu, dola au deni la serikali, shilingi mpya huingia katika mzunguko. Chukua mfano wa kilo moja iliyonunuliwa Geita kwa Sh. milioni 200. Fedha hizo humfikia mwenye duara, humgawia mwenye karasha na wapondaji, hupita kwa mama lishe, kisha kwa mwenye duka la vifaa Katoro, na mwishowe kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo China.

Mfanyabiashara huyo anahitaji dola. Ikiwa Benki Kuu imeiuza ile kilo nje na kupata dola, kisha ikaziuza dola hizo kwa benki yake, shilingi milioni 200 zinarudi zilikotoka. Mzunguko umefungwa: dhahabu imetoka, mzigo umeingia, na hakuna shilingi iliyobaki ikitafuta bidhaa. Ikiwa dola hizo zimetumika kwa jambo lingine ambalo halirudishi shilingi, au mwagizaji amepewa fedha za kigeni na hakulipa shilingi zake, zile milioni 200 zinabaki nje. Zitaendelea kuzunguka, na kwa kuwa unga haujaongezeka, zitaongeza bei ya unga.

Hivyo dhahabu haikuwa chanzo cha mfumuko wa bei wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kama wengine walivyodhani. Nchi ilikuwa na bomba kubwa zaidi lililokuwa likivuja. Serikali ilikopa Benki Kuu, mikopo ya mashirika haikurejea, na sehemu ya fedha za waagizaji waliopata dola za misaada haikulipwa. Mwaka 1994 wafadhili walisimamisha misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi, na mwaka huo mfumuko wa bei ulizidi asilimia 30. Ndani ya bomba hilo, kila ununuzi wa Benki Kuu ulikuwa tone jingine.

Wasomaji waliozaliwa baadaye huenda wasione uzito wa asilimia 30. Ipo kanuni ya mezani: gawanya 72 kwa kiwango cha mfumuko wa bei, utapata takriban miaka ambayo bei huchukua kuongezeka maradufu. Kwa asilimia 30, ni miaka miwili na nusu tu. Noti ya Sh. 1,000 iliyofichwa chini ya godoro kwa miaka kumi, kwa kasi hiyo, ingebaki na uwezo wa kununua vitu vya Sh. 73. Kwa asilimia 4 ingebaki na uwezo wa Sh. 675. Mzee wa Kisukuma aliyekataa kupeleka fedha benki na kununua mitamba alicheka na wataalamu waliomwita mshamba. Ng'ombe huzaa, amana ya benki iliyolipa riba ndogo kuliko mfumuko wa bei ilikuwa ikikonda kila mwezi. Ukame ulipokuja naye alilia, lakini hiyo ni hatari ya aina nyingine.

Ng'ombe, mabati na dhahabu iliyofukiwa vilimwokoa mwenye navyo. Havikujenga jineri. Huo ndio uhusiano wa mfumuko wa bei na ukuaji wa uchumi wa muda mrefu. Uchumi hukua pale akiba ya mtu mmoja inapofika mikononi mwa mwingine anayenunua mashine. Bei zinapopanda kwa asilimia 30, na hakuna ajuaye kama mwakani zitapanda kwa 20 au 45, hakuna anayekopesha kwa miaka mitano. Mikopo inakuwa ya miezi, nayo inafaa kwa mchuuzi wa sukari na haimfai mwenye kinu. Utafiti wa Mohsin Khan na Abdelhak Senhadji wa mwaka 2001, uliochunguza nchi nyingi, ulikadiria kwamba katika nchi zinazoendelea madhara kwa ukuaji huanza kuonekana mfumuko unapozidi karibu asilimia 11. Nchi za Afrika Mashariki, katika itifaki ya umoja wa fedha ya mwaka 2013, zilijiwekea ukomo wa asilimia 8.

Tanzania iliuziba uvujaji huo kwa hatua ambazo hazikupendwa. Dhamana za Hazina zilianza kuuzwa kwa mnada Agosti 1993, ili serikali ikope kwa wananchi na mabenki badala ya kuchapisha. Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 1995 iliipa benki hiyo jukumu la msingi la kulinda thamani ya bei. Mwaka 1996 serikali ikaanza kutumia kwa kadiri ya makusanyo ya mwezi. Mwaka 1999 mfumuko ulikuwa chini ya asilimia 8, na mwaka 2000 takriban asilimia 6. Ulirudi kuchachamaa mwaka 2011, wakati umeme, chakula na mafuta vilipobana kwa pamoja, na Desemba ya mwaka huo ulifika asilimia 19.8. Mwaka 2024 wastani wake ulikuwa kama asilimia 3.

Katika kipindi hichohicho cha utulivu ilifunguliwa migodi mikubwa: Nzega mwaka 1998, Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Ni rahisi kuipa shilingi tulivu sifa ya migodi hiyo, lakini sifa hiyo haistahili yote. Mgodi mkubwa huweka vitabu vyake kwa dola, hukopa kwa dola na hununua mitambo kwa dola. Uliletwa na mwamba pamoja na Sheria ya Madini ya mwaka 1998. Sehemu kubwa ya mapato yake hurudi kulipa mitambo na madeni nje. Shilingi inanufaika na mishahara, kodi na manunuzi ya ndani. Ndiyo maana mwaka 2023 dhahabu iliingiza katika takwimu za mauzo nje zaidi ya dola bilioni 3, na bado mwagizaji wa Kahama akawa anahangaika kutafuta dola benki. Utulivu wa bei ulimsaidia zaidi mwenye basi, mwenye kinu cha mpunga na mwenye duka, ambao hawana akaunti London.

Tena ukuaji lazima ugawanywe kwa vichwa. Uchumi ukikua kwa asilimia 6 na watu wakiongezeka kwa asilimia 3.2, kama sensa ya mwaka 2022 ilivyoonyesha, kila mtu anasogea kwa chini ya asilimia 3. Mkoa wa Geita, uliotangazwa mwaka 2012, ulikuwa na watu kama milioni 1.7 wakati huo. Miaka kumi baadaye walikaribia milioni 3. Wengi walifuata dhahabu. Huko, ukuaji wa asilimia 6 haumwachi mtu mmoja mmoja na kitu cha kuonyesha.

Sasa Benki Kuu imerudi Geita. Tangu Oktoba 2024, wachimbaji na wafanyabiashara wanaosafirisha dhahabu nje wametakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili yake, na hulipwa kwa shilingi. Itifaki ya Afrika Mashariki inataka kila nchi iwe na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha kuagiza bidhaa kwa miezi minne na nusu, na dhahabu ni njia ya kujaza akiba hiyo bila kugombania dola sokoni. Tofauti na mwaka 1990 ni kubwa. Hakuna kiwango rasmi na cha mlangoni vilivyopishana, na tangu Januari 2024 Benki Kuu hutumia riba yake, iliyoanza na asilimia 5.5, kudhibiti fedha.

Lakini hesabu ya kilo moja haijabadilika, na safari hii ina ugumu wake. Dhahabu ya akiba haiuzwi, hukaa kabatini. Maana yake shilingi zilizoinunua hazirudi zenyewe kupitia kwa mwagizaji wa Kariakoo. Kila tani moja, kwa bei ya mwisho wa mwaka 2024, ni kama Sh. bilioni 200 mpya. Benki Kuu italazimika kuzivuta kwa kuuza dhamana au kukopa kwa mabenki, na hapo italipa riba. Dola zilizowekwa nje huzaa riba ya kufidia gharama hiyo. Dhahabu haizai. Faida yake ipo tu pale bei inapopanda.

Bei ilipanda sana. Mwaka 2025 wakia ilivuka dola 4,000. Huu ndio wakati ambao mchimbaji, dalali na hata benki husahau kwamba kutoka dola 850 za mwaka 1980 dhahabu ilishuka hadi karibu dola 250 mwaka 1999, muda mfupi kabla ya mgodi wa Geita kufunguliwa. Mwaka 2013 pekee ilipoteza zaidi ya robo ya bei yake ya dola. Mwaka huo mfumuko wa bei nchini ulikuwa ukipungua na Desemba ulikuwa asilimia 5.6. Aliyeficha gramu tangu Januari akaziuza Desemba alipata pungufu, na unga alioununua ulikuwa umepanda.